Nani amekuleta hapa? Namna ya kuzikwepa programu na tovuti bandia za kripto

Mjomba wangu analima tumbaku Urambo. Mwaka jana, wiki mbili baada ya malipo ya msimu kuingia, alikuja kibandani kwangu hapa Ng'ambo, Tabora mjini, akaweka simu mezani, akasema inapata moto na chaji haifiki saa nane mchana. Mimi ni fundi simu, huu mwaka wa 13, na simu inayopata moto ikiwa imelala mfukoni mara nyingi ina kitu kinachofanya kazi ndani bila mwenyewe kujua. Nikafungua orodha ya programu. Nikakuta moja yenye nembo ya soko kubwa la kripto, yaani mahali pa kununulia na kuuzia sarafu za kidijitali, linalojulikana dunia nzima. Nembo ilikuwa yenyewe, rangi zilikuwa zenyewe.

Nikamwuliza, "Mjomba, hii umeitoa wapi?"

"Alinitumia kijana mmoja wa kwenye grupu."

Sikuhitaji kuifungua ili kujua. Tulipoifungua, ilionyesha kwamba mjomba ana dola 2,140. Alichoweka yeye ni shilingi 1,900,000, kwa awamu nne, kwa wakala, kwenye namba tatu zenye majina matatu tofauti. Alichopata kutoa ni shilingi 45,000, siku ya tatu, ili imani imwingie vizuri. Nyingine zote zimekwenda, na hazijarudi hadi leo ninapoandika.

Tangu siku hiyo nimewaeleza wateja wengi haya mambo nikiwa na bisibisi mkononi, haraka haraka, wengine wakiwa wameshaondoka nusu. Nimeona niyaandike yote kwa utulivu.

Jambo la kwanza, na ukilishika hili umeshika nusu ya kazi: usihangaike sana na sura. Watu wanafundishana kutafuta nembo iliyopinda, Kiswahili cha kubabaisha, herufi zilizokosewa. Hiyo ilisaidia zamani. Leo tapeli ananakili ukurasa mzima wa soko halisi kwa muda mfupi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Jiulize swali hili: nani amenileta hapa? Ukiweza kujibu kwamba umekuja mwenyewe, kwa anwani uliyoiandika kwa mkono wako, endelea kukagua mengine. Jibu likiwa ni mtu, grupu, tangazo, meseji au simu iliyopigwa, toka. Toka hata kama kila unachokiona ni safi.

Kwa nini wanatufuata huku

Tumbaku yetu inapangiwa bei kwa dola. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge ameshazoea kusikia dola imepanda, dola imeshuka, na anajua kiwango cha siku ya malipo kinaweza kumkata. Sasa akija mtu akamwambia, "Baba, weka hela yako kwenye USDT, inakwenda sawa na dola, shilingi ikishuka wewe haikugusi," maneno hayo yanaingia. Na yana ukweli ndani yake: USDT ni sarafu iliyotengenezwa ifuatane na thamani ya dola ya Marekani. Ndiyo maana nawaambia watu wasijilaumu kwa kuona maelezo yana mantiki. Maelezo yalikuwa na mantiki. Kilichokuwa bandia ni mlango waliopitishwa.

Na wanaujua msimu. Magrupu yanachangamka malipo yanapoanza kuingia kwenye akaunti, watu wanaongezwa usiku bila kuombwa ruhusa, asubuhi mtu anajikuta kati ya wanachama 200 wanaoshukuru kwa faida.

Wazee wanaikumbuka DECI, ule upatu wa mwaka 2009, watu walivyoambiwa wapande mbegu wavune mara mbili. DECI angalau ilikuwa na ofisi, mtu akaweza kwenda kugonga mlango. Programu ya kwenye simu haina mlango wa kugonga. Tena Benki Kuu ya Tanzania ilishatangaza Novemba 2019 kwamba fedha halali ya kufanyia malipo hapa nchini ni shilingi, na ikatahadharisha watu kuhusu sarafu hizi. Na kripto ikishatoka kwenye pochi yako (programu au kifaa cha kuhifadhia sarafu hizi) kwenda kwenye pochi nyingine, hakuna ofisa wa kuirudisha. Pesa ya simu iliyokosewa unaweza ukawahi kupiga huduma kwa wateja wakaizuia. Kripto haina huduma kwa wateja ya namna hiyo. Sisemi usinunue. Nasema kinga yote iko kabla ya kubonyeza.

Jinsi ya kufika kwenye soko la kweli

Usianze na linki ya mtu. Chukua karatasi. Fungua kivinjari, andika mwenyewe coinmarketcap.com au coingecko.com, herufi kwa herufi. Hizo ni tovuti za muda mrefu zinazoorodhesha sarafu na masoko yake, na kila soko limewekewa anwani ya tovuti yake. Zitazame zote mbili. Anwani ya soko unalolitaka ikifanana sehemu zote mbili, iandike kwenye karatasi. Kuwemo kwenye orodha hakumaanishi soko ni salama kwa hela yako. Inakusaidia tu kujua anwani yake ya kweli ni ipi.

Kisha andika anwani hiyo kwenye kivinjari. Kutoka ndani ya tovuti ya soko lenyewe, bonyeza kitufe cha kupakua, kitakupeleka Play Store au App Store kwenye programu yao. Njia hii ni ndefu kidogo kuliko kutafuta jina moja kwa moja dukani, lakini ndiyo ninayoisisitiza, kwa sababu ukitafuta kwa jina unaletewa zote, ya kweli na zile zilizojipaka rangi yake.

Kuna watu wanadhani kilichoko dukani kimeshapita ukaguzi, basi yamekwisha. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya ESET walikuta ndani ya Play Store programu zilizojifanya za soko la Poloniex, moja ikiwa imeshapakuliwa hadi mara 5,000, na wakati huo Poloniex haikuwa hata na programu yake ya simu. Yaani watu walipakua nakala ya kitu ambacho hakipo. Mwaka 2023 ikatokea kwenye duka la Microsoft: programu iliyojifanya ya Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa vya kuhifadhia kripto, ikawaibia watu zaidi ya dola 500,000 kabla haijaondolewa. Maduka haya husafisha, lakini husafisha baada ya watu kulizwa.

Kwa hiyo hata ukifika dukani, tazama jina la mtengenezaji lililoandikwa chini ya jina la programu na ulilinganishe na lililoko kwenye tovuti ya soko. Tazama imepakuliwa mara ngapi: soko lenye wateja duniani kote litakuwa na mamilioni, si elfu tatu. Na kwenye maoni, usisome yenye nyota tano. Yale ya nyota moja ndiyo yenye sauti ya mtu aliyeumia. Ukiona "nimeshindwa kutoa hela" likijirudia, funga.

Faili la APK

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu simu nyingi ninazoletewa ziliharibikia hapa.

APK ni programu ya Android ikiwa nje ya duka, imefungwa kama faili, inaweza kutumwa kwenye WhatsApp au Telegram kama picha. Kijana wa grupu atakuambia programu yao "bado haijafika Play Store kwa Tanzania", au "hii ni toleo maalumu la wanachama". Ukibonyeza, simu yenyewe itakuonya kwamba chanzo hakijulikani, na atakuwa ameshakuandaa kwa ile onyo: "Usiogope, hiyo ni kawaida, bonyeza ruhusu." Mjomba aliniambia maneno hayo hayo. Onyo lile ndiyo rafiki wa mwisho uliyekuwa naye, na wewe umeelekezwa kumnyamazisha.

Hakuna sababu yoyote ya wewe, mkulima, mwalimu, mwendesha bodaboda, mama wa duka, kuweka programu ya fedha kutoka kwenye faili la WhatsApp. Hakuna.

Kukagua simu uliyonayo, kaa nayo dakika kumi. Kama iko kwa Kiingereza na unasumbuka nayo, badilisha lugha iwe Kiswahili kwanza; nawashauri hivyo wazee wote, onyo unalolielewa lina nguvu kuliko usilolielewa. Ingia kwenye mipangilio, kisha programu, kisha tafuta sehemu ya ruhusa maalumu inayohusu kusakinisha programu zisizojulikana. Utaona WhatsApp, Telegram, kivinjari. Zote zizime ruhusa hiyo.

Halafu nenda sehemu ya ufikivu. Hii iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye shida ya mikono, ili programu iweze kuwasomea kioo na kuwabonyezea. Programu ya wizi ikipewa ruhusa hiyo, inasoma kila unachoandika na inaweza kubonyeza yenyewe wakati wewe umelala. Ukikuta humo jina usilolijua, au la programu ya uwekezaji, izime kabla ya kufanya jambo lingine. Ya mjomba ilikuwa humo. Ilikuwa pia na ruhusa ya kusoma meseji, maana yake namba zote za uthibitisho alizotumiwa wao waliziona kabla yake.

Mwisho fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, ingia Play Protect, ukague. Haikamati zote, ila inakamata nyingi.

Kuna aina nyingine isiyokuwa hata programu. Ni ukurasa wa tovuti uliowekewa nembo kwenye kioo cha simu, ukibonyeza unafunguka kama programu. Bandia za namna hii hazipitii duka lolote. Wenye iPhone wanapigwa zaidi kwa njia hii, au kwa kuambiwa wapakue kupitia TestFlight, ambayo ni sehemu ya Apple ya kujaribia programu ambazo hazijakamilika. Mtu akikuambia programu yake ya fedha inapatikana TestFlight, ameshajibu lile swali letu.

Kusoma anwani

Tuseme kuna soko linaitwa Mwembe. Jina nimelibuni kwa heshima ya miembe ya mji wetu. Anwani yake ya kweli tuseme ni mwembe.com.

Anwani ya intaneti inasomwa kama anwani ya barua: kitongoji, kijiji, wilaya, mkoa. Cha mwisho ndicho kikubwa. Mtu akijitambulisha kwamba anakaa "Mtaa wa Urambo, Ilala, Dar es Salaam", huyo hayuko Urambo hata kama Urambo imetajwa kwanza. Vivyo hivyo kwenye kioo. Ruka zile alama za mwanzo za https://, soma hadi mkwaju (/) unaofuata, halafu rudi kushoto. Neno la mwisho kabla ya mkwaju, pamoja na neno lililotangulia nukta yake, ndilo jina la mwenye nyumba.

Kwa mfano, mwembe.com/ingia ni nyumba ya Mwembe. Na ingia.mwembe.com pia ni ya Mwembe, ni chumba cha ndani. Lakini mwembe.com.ingia-tz.top/akaunti ni nyumba ya ingia-tz.top, Mwembe ametajwa mlangoni tu. Na mwembe-tanzania.com ni nyumba nyingine kabisa, kwa sababu kistari si nukta: yeyote mwenye dola chache anaweza kusajili jina la namna hiyo leo jioni. Anwani za kwetu zinazoishia .co.tz zinataka uhesabu maneno matatu kutoka mwisho, mwembe.co.tz, lakini mtindo ni ule ule.

Kwenye simu kivinjari hukata anwani ndefu, kikakuonyesha kipande. Bonyeza juu ya anwani yenyewe, ifunguke yote, usome hadi mwisho. Kazi hii inachukua sekunde tano.

Halafu kuna herufi zinazofanana. Herufi r na n zikikaa pamoja, rn, kwenye kioo kidogo zinasomeka m. Mwaka 2018 ilisambaa picha ya tovuti bandia ya Binance, moja ya masoko makubwa ya kripto, ambayo anwani yake ilikuwa na vidoti vidogo chini ya herufi n. Vidoti tu. Kwenye kioo chenye vumbi ungedhani ni uchafu, na linki ikiwa imepigwa mstari kwa chini, vidoti vinamezwa na mstari. Jicho haliwezi kushinda hapo kila siku, na ndiyo sababu narudia kuandika anwani kwa mkono au kuiweka kwenye alamisho za kivinjari mara moja, kisha kuingilia hapo siku zote.

Tovuti ile ya vidoti ilikuwa na alama ya kufuli. Nawaomba sana mlitoe kichwani lile wazo kwamba kufuli ni muhuri wa uaminifu. Kufuli linasema kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hayasikiki na mtu wa katikati. Halisemi uliyeongea naye ni nani. Tangu mwisho wa 2015 kuna shirika la Let's Encrypt linalotoa vyeti vya kufuli bure kwa mwenye tovuti yeyote, jambo zuri kwa intaneti, na matapeli nao wanajichukulia.

Ukitaka kujua umri wa tovuti, ingia lookup.icann.org, andika jina la mwenye nyumba kama tulivyolisoma, utaona tarehe iliposajiliwa. Soko linalojisifu limehudumia wateja tangu 2015, na jina lake limesajiliwa wiki tatu zilizopita! Kipimo hiki kimenisaidia kuwashawishi watu waliokuwa wabishi kuliko maneno yangu yote, maana wanaiona tarehe kwa macho yao.

Na ukitafuta jina la soko Google, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipia, yameandikwa kwa maandishi madogo kwamba yamedhaminiwa. Matapeli wananunua nafasi hizo. Yaruke.

Maneno ya siri

Pochi ya kripto unayoimiliki mwenyewe hukupa maneno 12 au 24 ya kawaida ya Kiingereza, yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu. Maneno hayo si paswedi ya kuingilia. Ndiyo hela yenyewe. Mwenye nayo anaifungua pochi yako kwenye simu yake akiwa nchi yoyote, bila simu yako, bila namba yako ya siri. Yaandike kwenye karatasi, iwekwe mahali panapokaa hati ya shamba. Usiyapige picha, usiyatume WhatsApp hata kwa mkeo, na usiyaandike kwenye tovuti yoyote inayodai "kuthibitisha", "kuunganisha upya" au "kurekebisha" pochi. Kuna siku moja tu ya kuyaandika: unapohamishia pochi kwenye simu mpya, ndani ya programu uliyoipakua kwa njia niliyoeleza.

Kwa akaunti ya soko, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, kama Google Authenticator, badala ya meseji. Meseji inasomwa na programu za wizi, na laini inaweza kusajiliwa upya na mtu mwingine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma.

Masoko kadhaa makubwa yanakuruhusu kuchagua neno lako la kinga, ambalo litaonekana kwenye kila barua pepe ya kweli kutoka kwao. Weka neno ambalo mtu wa Dar hawezi kulikisia. Barua ikija bila neno hilo, ifute.

Kuna dalili nyingine ninayoipenda. Ukihifadhi paswedi kwenye kivinjari au kwenye akaunti yako ya Google, simu huijaza yenyewe kwenye tovuti halisi tu, kwa sababu inalinganisha anwani herufi kwa herufi. Siku ikikataa kujaza mahali ulipozoea ijaze, usikasirike ukaandika kwa mkono. Simu imeona kidoti ambacho wewe hukukiona.

Na msidhani mkiibiwa paswedi mtajua siku hiyo hiyo. Machi 7, 2018, akaunti nyingi za Binance zilianza kwa wakati mmoja kununua sarafu moja ndogo, Viacoin, bila wenyewe kuamuru. Uchunguzi ukaonyesha wezi walikuwa wamekusanya paswedi kwa tovuti bandia tangu Januari, wakatega ndani ya akaunti funguo za API, yaani namba za siri zinazoiruhusu programu nyingine kununua na kuuza kwa niaba ya mwenye akaunti, wakatulia. Soko liliwahi kuzuia utoaji, wateja wakanusurika. Lakini fikiria, zaidi ya mwezi mzima watu wanaingia na kutoka kwenye akaunti zao wakiona kila kitu kiko shwari. Kila baada ya wiki chache fungua mipangilio ya akaunti, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na funguo za API. Kama hujawahi kutengeneza ufunguo wa API, basi orodha ya funguo hizo inapaswa kuwa tupu.

"Lakini mimi nimetoa hela ikatoka"

Hili ndilo lililomfunga mjomba, na limewafunga wengi. Alijaribu kutoa shilingi 45,000, ikaingia kwenye simu yake ndani ya dakika kumi. Nani angebisha? Zile 45,000 zilikuwa hela yake mwenyewe, imekatwa kwenye laki tatu za kwanza. Ni chambo. Mvuvi hahesabu chambo kuwa hasara. Kwa hiyo kutoa kiasi kidogo si ushahidi.

Tazama badala yake hela inaingiaje. Huku wengi wananunua USDT kwa watu binafsi kupitia soko, wanalipa kwa pesa ya simu, na huko pia unatuma kwenye namba ya mtu. Tofauti ni hii: kwenye soko la kweli, sarafu za muuzaji zinakuwa zimeshikiliwa na soko kabla hujalipa, namba ya kulipia iko ndani ya oda, na jina linalotokea unapotuma linapaswa kuwa lile lililothibitishwa kwenye oda. Mtu akikutumia namba kwa WhatsApp, tena leo hii kesho ile, hiyo ni ile "tuma kwa namba hii" tunayoijua sote, imevaa koti la kripto. Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiachie sarafu kwa kuona meseji ya malipo. Angalia salio lako.

Kisha siku ya kutaka kutoa kiasi kikubwa, utaambiwa ulipe kodi kwanza. Mjomba alitakiwa asilimia 10 ya zile dola za kwenye kioo. Matapeli wanajua tuna kodi kweli: Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini kodi ya zuio hukatwa ndani ya malipo na anayelipa, kisha yeye ndiye anaipeleka TRA. Haitangulizwi na wewe kwenye namba ya simu ya mtu. Ukisikia "lipa ili utoe", kwa jina lolote, kodi, uhakiki, kufungua akaunti, usiongeze hata shilingi mia.

Ukishagundua umepigwa

Zima data na Wi-Fi kwenye simu hiyo. Chukua simu nyingine safi, badilisha paswedi ya barua pepe kwanza, maana hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha ya soko, kisha namba ya siri ya pesa ya simu. Kama uliandika yale maneno 12 au 24 mahali, tengeneza pochi mpya kwenye simu safi na uhamishe kilichobaki sasa hivi, usingoje asubuhi. Pigia mtandao uliotumia kutuma hela, utoe namba za miamala. Kama bado imelala kwenye akaunti ya tapeli, kuna uwezekano ikazuiwa.

Usifute programu wala kutoka kwenye grupu kabla hujapiga skrinishoti: mazungumzo, namba, majina yaliyotokea wakati wa kutuma, anwani ya tovuti. Mjomba alikuwa amefuta nusu kwa hasira. Beba vyote kituo cha polisi, ufungue taarifa upewe namba yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na inahusu udanganyifu wa namna hii. Namba za matapeli ziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Baada ya hapo ndipo uilete simu kwa fundi isafishwe yote. Kuifuta ile programu pekee hakutoshi ikiwa ilishapewa ruhusa ya ufikivu.

Jiandae pia na simu moja itakayokuja baadaye. Namba za waliolizwa huuzwa, na anayenunua hujifanya mwokozi. Ya mjomba ilikuja baada ya wiki tatu, tukiwa wote hapa kibandani, akinisubiri nimbadilishie kioo. Mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema wamefanikiwa kuzipata zile dola 2,140, zinahitaji tu shilingi 120,000 za mwanasheria. Mjomba akanitazama. Nikanyamaza, nilitaka nione.

Akamwuliza, "Mwanangu, namba yangu umepewa na nani?"

Simu ikakatika.